Je, Wajua? Ualimu wa Pwani, Kutoka Rabai Hadi Chuo Kikuu

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Pwani mjini Kilifi, kinachofuzisha walimu wa shahada kila mwaka, kilianzia kwenye kilimo? Mahali hapo palikuwa Taasisi ya Kilimo ya Kilifi. Agosti 2007 serikali ikaigeuza kuwa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Tarehe 31 Januari 2013, Rais Mwai Kibaki akakikabidhi hati ya kujisimamia. Kilimo hakikufukuzwa. Kilibaki pale pale, na ualimu ukaja ukakaa kando yake.

Je, wajua kwamba hata mama aliyekizaa chuo hicho alianza kwa kulea walimu? Mwaka 1965 kambi ya jeshi la Waingereza huko Kahawa, nje ya Nairobi, ilikabidhiwa serikali ya Kenya huru ikawa Chuo cha Kenyatta, na kazi yake kubwa ikawa kuandaa walimu. Kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1985. Kwa hiyo Kilifi ilipowekwa chini ya Kenyatta, iliwekwa mikononi mwa watu ambao ualimu ulikuwa damuni mwao.

Je, wajua kwamba mwaka 2012 Kenya ilikuwa na vyuo vikuu vya umma 7 tu, na kufikia Machi 2013 vilikuwa 22? Pwani ilipata viwili katika wimbi hilo: Chuo Kikuu cha Pwani na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kile ambacho wazee bado wanakikumbuka kwa jina la MIOME, taasisi iliyofunguliwa mwaka 1951 kwa ajili ya elimu ya Waislamu wa Afrika Mashariki.

Je, wajua ni watu wangapi wanaokitazama chuo cha Kilifi kama chuo cha nyumbani? Sensa ya 2019 iliwahesabu wakazi 1,453,787 katika Kaunti ya Kilifi peke yake, waliotapakaa katika kaunti ndogo 7: Kilifi Kaskazini, Kilifi Kusini, Kaloleni, Rabai, Ganze, Malindi na Magarini. Bado hujawataja wa Tana River, Lamu, Kwale, Taita Taveta na Mombasa.

Je, wajua kwamba hadi mwaka 1991 mtu aliyetoka Mombasa kwenda Kilifi mjini au Malindi alilazimika kuvuka hori la Kilifi kwa feri? Daraja lilifunguliwa mwaka huo. Leo mwanafunzi wa Mtwapa anapanda matatu asubuhi, anavuka bila hata kusimama, na anakiwahi kipindi cha kwanza.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana habari hii ina mizizi mirefu kuliko wengi wanavyodhani.

Je, wajua kwamba kitabu cha kwanza cha sarufi ya Kiswahili kupigwa chapa kilitokana na kazi iliyofanywa ndani ya Kaunti ya Kilifi ya leo? Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alipiga kambi Rabai mwaka 1846, na kitabu chake kikachapishwa Tübingen, Ujerumani, mwaka 1850. Kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa amefariki mwaka mmoja kabla. Kila mwalimu wa Kiswahili anayesomeshwa Kilifi leo yuko mwendo mfupi tu wa gari kutoka kilima ambako kazi hiyo ilianzia. Ni ajabu kwamba safari za wanafunzi kwenda Rabai si jambo la lazima.

Je, wajua kwamba baadhi ya walimu wa mwanzo wa Rabai walisomea India? Habari yao haifundishwi vya kutosha. Mwaka 1864 walifika pwani vijana watatu Waafrika: William Jones, Ishmael Semler na George David. Walikuwa wametekwa wakiwa wadogo na kuuzwa utumwani, wakaokolewa, wakapelekwa upande wa Bombay. Karibu na mji wa Nashik, wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walikuwa na makao ya watoto kama hao, wakiwafunza kusoma, kuandika na kazi za mikono. Vijana hao waliporejea Afrika walitumwa kumsaidia mmisionari Johannes Rebmann, ambaye baadaye alipofuka macho kabisa na kuondoka pwani mwaka 1875. Basi waliobeba mzigo wa kufundisha kila siku ni hao waliowahi kuwa bidhaa sokoni.

Mwaka 1885 Jones na Semler walitawazwa kuwa mashemasi na Askofu James Hannington. Mwaka huo huo Jones akaandamana na askofu katika msafara wa kwenda Uganda. Hannington aliuawa Busoga mwezi Oktoba, na ni Jones aliyeuongoza msafara kurudi hadi Rabai mwanzoni mwa 1886. Akitafutwa mwalimu wa pwani wa kupewa jina la ukumbi, la bweni au la maktaba, mtu wa kwanza ninayemfikiria ni yeye.

Je, wajua kwamba Rabai ilikuwa kimbilio la watumwa watoro? Mwaka 1888 suala lao liliwaka moto, mabwana wao wakidai warudishiwe watu wao. George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani wakati huo aliamua kuwalipa mabwana fidia, na watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika vituo vya misheni wakapata uhuru. Vyeti vyao vilitolewa Rabai tarehe 1 Januari 1889. Fikiria darasa la mwalimu siku hizo: mwanafunzi wa kando ya dirisha ana hofu ya kutekwa tena akitoka nje.

Je, wajua kwamba Wamethodisti walifika Ribe mwaka 1862? Thomas Wakefield ndiye aliyeongoza kituo hicho kwa miaka mingi. Ribe, Rabai na Kaloleni ziko karibu karibu, na kwa vizazi kadhaa ukitaja shule upande huo wa Mijikenda, ulikuwa ukizitaja hizo.

Je, wajua kwamba pwani iliwahi kuwa na chuo kilichohamia bara na kugeuka chuo kikuu huko? Mwaka 1903 kilifunguliwa chuo cha dini Frere Town, Kisauni, kwa ajili ya wahudumu wa kanisa, na katika zama hizo mhudumu wa kanisa ndiye aliyekuwa pia mwalimu wa kijiji. Mwaka 1930 kikahamishiwa Limuru. Leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's, chenye hati yake tangu 2007. Mbegu ilipandwa pwani, kivuli kikaota bara. Watu wa pwani walingoja hadi 2013 kupata chuo kikuu kamili cha umma kwao.

Je, wajua kwamba Ronald Ngala, kabla ya kuwa mwanasiasa, alikuwa mwalimu wa chaki na ubao? Mzaliwa huyu wa Kilifi alisoma Shimo la Tewa, akaenda Alliance huko Kikuyu, kisha akasomea ualimu Makerere, Uganda. Tazama safari hiyo: kutoka Ugiriama hadi Kampala ili uwe mwalimu kamili. Alirudi akafundisha, akawa mwalimu mkuu Mbale, Taita, na baadaye Shule ya Buxton, Mombasa. Mwaka 1949 kilichapishwa kitabu chake kwa Kiswahili kuhusu nchi na desturi za Wagiriama. Mwaka 1957 aliingia Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1961 alikuwa kiongozi wa shughuli za serikali akiishika na wizara ya Elimu. Alifariki Desemba 1972 kutokana na ajali ya barabarani.

Ngala alikwenda mbali kwa sababu karibu hapakuwa na kitu. Kijana wa Kaloleni wa leo anaweza kupata shahada ya ualimu na Jumamosi akarudi kwao kumsaidia mama kukamua tui. Hili ndilo badiliko kubwa, na kwangu lina uzito kuliko majengo yote mapya.

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi Chuo cha Walimu cha Shanzu, kaskazini mwa Mombasa, ndicho kilichokuwa tegemeo la pwani kwa walimu wa shule za msingi? Aliyetaka kufundisha sekondari kwa shahada alifunga sanduku akaelekea bara. Wengi hawakurudi. Walipangiwa shule za huko, wakaoa au kuolewa huko, na pwani ikabaki ikipokea walimu wageni ambao nao, wakizoea mazingira, huomba uhamisho warudi kwao.

Je, wajua kwamba cheti cha P1, kilichowatoa walimu wa shule za msingi kwa miongo mingi, hakitolewi tena kwa wanafunzi wapya? Tangu 2021 vyuo vya walimu vinapokea wanafunzi wa stashahada, masomo ya miaka 3, na anayeingia anahitaji wastani wa C katika KCSE. Sababu ni mtaala wa umilisi. Mwalimu aliyezoea kusimama mbele na kumwaga maelezo sasa anatakiwa amtazame mwanafunzi akifanya kazi na kurekodi anachokiweza. Si kazi ya kujifunza kwa semina ya siku tatu.

Je, wajua kwamba anayetaka kufundisha sekondari kwa shahada lazima awe na C+ kwa jumla, na C+ nyingine katika kila mojawapo ya masomo mawili atakayofundisha? Wengi hulijua sharti la kwanza na kulisahau la pili. Wanamaliza miaka minne, wanaomba kusajiliwa na Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, na hapo ndipo wanapogundua kwamba alama ya Historia ilikuwa C. Mzazi, ichukue karatasi ya matokeo ya mwanao uitazame leo, kabla hajajaza fomu.

Je, wajua mwanafunzi wa ualimu anabeba nini anapokwenda mazoezini? Hii ni sehemu ninayoipenda, kwa hiyo nivumilie. Ana azimio la kazi, linaloonyesha atafundisha nini kila wiki ya muhula. Ana andalio la somo kwa kila kipindi, limegawanywa hatua kwa hatua: utangulizi, ukuzaji wa somo, hitimisho, na muda wa kila hatua kwa dakika. Ana rekodi ya kazi anayoijaza somo likiisha. Hana projekta. Katika shule nyingi za Ganze na Magarini vifaa vya kufunzia ni vile anavyoviunda mwenyewe usiku: chati iliyochorwa nyuma ya kalenda ya zamani, vifuniko vya soda vya kuhesabia, mbegu za mabuyu, vifuu vya nazi vya kupimia maji. Kisha siku moja, bila taarifa, mlango unafunguliwa na mhadhiri anaingia, anakwenda kukaa nyuma kabisa na fomu yake mapajani. Wanafunzi wote wanageuka kumtazama. Mwalimu mwanagenzi anamaliza sentensi aliyoianza, anafuta ubao kwa mkono uliolowa jasho, na anaendelea. Dakika zinazofuata humfunza zaidi ya muhula mzima wa mihadhara.

Ndiyo maana mahali chuo kilipo ni jambo la maana. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani akipata shule Bamba au Marafa kwa mazoezi, anaziona kwa macho yake njaa ya kiangazi, kilomita ambazo mtoto anatembea na madarasa yaliyojaa pomoni. Akiajiriwa, hashtuki.

Je, wajua kwamba sera ya Kenya inataka mtoto wa madarasa ya mwanzo afundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo lake? Pendekezo hilo lilipewa nguvu na ripoti ya Gachathi ya 1976, na mtaala wa sasa unalishika hadi Gredi ya 3. Kwa mtoto wa Chakama au Vitengeni lugha hiyo ni Kigiriama. Mwalimu aliyetoka mbali, hata awe hodari vipi, anaanza kazi yake nyuma ya mstari. Kiswahili nacho kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa kufuatia ripoti ya Mackay ya 1981, ile ile iliyotuletea mfumo wa 8-4-4.

Je, wajua kwamba walimu wa chekechea hawaajiriwi na TSC? Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti jukumu la elimu ya awali. Mwalimu wa watoto wa miaka 4 na 5 huko Mnarani au Gongoni ni mwajiriwa wa Kaunti ya Kilifi. Ukitaka kuuliza kwa nini hayupo, ofisi ya kuulizia iko Kilifi, wala haiko Nairobi.

Je, wajua kwamba mwalimu wa Fizikia wa Malindi ana maabara ambayo wengi duniani wangeionea wivu? Katika bahari ya Ngomeni, Magarini, yamesimama majukwaa ya San Marco ya Waitaliano. Setilaiti 9 zilirushwa kutoka hapo kati ya 1967 na 1988. Moja iliruka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Nani alimwambia mtoto wa Ngomeni kwamba sayansi ni mambo ya watu wa mbali?

Na si anga tu. Mwalimu wa Historia anao mji wa kale wa Gede, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, na kaya za Mijikenda zilizoingizwa mwaka 2008. Wa Biolojia ana msitu wa Arabuko-Sokoke na hori la Mida. Wa Jiografia ana mabonde ya Marafa, ambako mmomonyoko wa udongo unaonekana kwa jicho bila kuhitaji mchoro.

Je, wajua kwamba msitu huo unawasomesha watoto? Shirika la A Rocha Kenya lina mpango uitwao ASSETS, ambao hutumia mapato ya utalii wa hori la Mida na mengineyo kutoa karo za sekondari kwa watoto wa familia zinazopakana na Arabuko-Sokoke.

Je, wajua kwamba majirani zetu nao walipitia njia hii ya kupandisha vyuo kuwa vyuo vikuu? Mwaka 2005 vyuo viwili vya ualimu Tanzania, Chang'ombe jijini Dar es Salaam na Mkwawa mjini Iringa, vilipandishwa kuwa vyuo vikuu vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Zanzibar, chuo cha ualimu cha Nkrumah kikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA. Uganda, chuo cha walimu cha Kyambogo kiliunganishwa na vyuo viwili jirani mwaka 2003, kikazaliwa Chuo Kikuu cha Kyambogo.

Je, wajua kwamba UNESCO inakadiria dunia itahitaji walimu wapya milioni 44 kufikia 2030 ili kila mtoto apate elimu ya msingi na sekondari, na kwamba milioni 15 kati yao wanahitajika Afrika kusini mwa Sahara?

Lakini je, wajua kwamba katika nchi hii hii mwalimu anaweza kufuzu na kukaa nyumbani miaka kadhaa? Serikali ilisimamisha ajira ya moja kwa moja kwa walimu wanaofuzu mwaka 1998. Miaka mitano baadaye, Januari 2003, elimu ya msingi ikafanywa bila malipo, madarasa yakafurika, na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Mzigo huo haujashushwa hadi leo.

Je, wajua kwamba Sekondari Msingi zilipoanza mwaka 2023, walimu wengi waliotumwa kuzifundisha walikuwa wanagenzi, wenye shahada zao mkononi, wakipewa posho ya kiasi cha Sh20,000 kwa mwezi? Aprili 2024 mahakama ya ajira iliamua kwamba kumwajiri mwalimu aliyesajiliwa kama mwanagenzi ni kinyume cha Katiba. Januari 2025 wanagenzi 46,000 wakapewa ajira ya kudumu. Walioshinda si wao tu. Mtoto wa Gredi ya 7 anastahili mwalimu asiyehesabu siku za mkataba wake.

Je, wajua kwamba mahitaji yanaongezeka bado? Watahiniwa wa kwanza wa KJSEA, mtihani wa mwisho wa Sekondari Msingi, waliufanya mwaka 2025, na kundi hilo ndilo la kwanza kupangiwa Gredi ya 10, kuanzia Januari 2026. Katika sekondari ya juu mwanafunzi anachagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Shule isiyo na mwalimu wa Fizikia haiwezi kumpa mtoto mkondo wa kwanza, hata awe na akili za Giacconi. Na shule isiyo na mwalimu wa muziki inamnyima wa tatu, huku nje ya ukuta wake vijana wanapiga chapuo na kayamba kila wikendi.

Kwa hiyo ninyi mliomaliza Kidato cha Nne katika Ganze, Magarini, Rabai, Malindi na kwingineko: mwenye C+ na masomo yake mawili aombe shahada, mwenye C aombe stashahada, wote kupitia KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, na mtazame tarehe ya mwisho mapema. Anayependa Hisabati, Fizikia au Kemia asiogope kuzichagua, maana hao ndio wanaotafutwa. Nanyi wakuu wa TSC na wa kaunti, walimu wenu wako Kilifi, wamesoma, wamesajiliwa. Waajirini.